Mkia wa Foleni ya Jabali

1

Jabali ilimkatalia Eusebia Kikoti mara ya pili mchana ule, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kando yake, natafuna karanga.

"Mhandisi, sauti yako ina hasira," mashine ilisema, kwa ile sauti yake ya karani aliyekwisha kula. "Agizo halikupokelewa. Jaribu tena ukiwa umetulia. Umebakiwa na jaribio moja kwa leo."

Eusebia aliisukuma maikrofoni ikagonga ukuta. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa ya kazi, na kwa muda wote niliofanya naye kazi sikuwahi kumwona akigusa kifaa kwa nguvu zisizostahili.

"Imenisikia vibaya," akasema.

"Imekusikia vizuri sana. Hata mimi nimekusikia, na nilikuwa natafuna."

Kwa asiyelijua Jumba la Mitambo la Makambako, kiti changu kinahitaji maelezo. Zamani, kabla sijazaliwa, mhandisi mmoja aligombana na mkewe asubuhi, akaja kazini na donge lake kooni, akasimamisha treni zote za kanda kwa agizo moja. Watu walikaa porini na watoto wao mpaka kesho yake. Baada ya hapo wakubwa wa Jumba waliifundisha Jabali kupima hasira katika sauti. Wakaongeza jambo ambalo wataalamu wa nje wakija hapa hulicheka mpaka walione likifanya kazi: kila anayetoa agizo zito sharti akae na mtani wake, na mtani amtanie kwelikweli kabla agizo halijapita. Ukitaniwa pale panapouma na bado ukajibu kwa akili zako, basi unajua unachokifanya. Ukiwaka, rudi nyumbani ukalale.

Eusebia ni Mhehe wa Iringa. Mimi ni Kanisius Ngonyani, Mngoni wa Songea. Babu zetu walipigana kwa mikuki mpaka pande zote mbili zikachoka, wakaona afadhali watukanane milele. Kwa hiyo nalipwa mshahara wa kumtukana Eusebia, nina likizo na bima, na naipenda kazi yangu kuliko watu wengi wanavyozipenda zao.

Lakini siku ile sikuipenda.

Agizo alilokuwa akilitoa lilihusu mgawo wa umeme. Ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Mabwawa yalikuwa yamebaki matope na ndege, na kila siku saa kumi jioni, viwanda vya chai vilipowasha makaushio yao, umeme wa Kanda ya Kusini ulikuwa hautoshi. Jabali ndiyo iliyogawa. Jabali ndiyo iliyofanya kila kitu kikubwa kwetu: mabenki, treni, kiwanda cha karatasi, maji ya miji, mafaili ya hospitali. Ni ukoo wa kompyuta kuu tano. Ya kwanza imekuwa pambo ukumbini, imefungiwa kwenye vioo, na ya tano ndiyo inayobeba kazi leo. Fahari ya ukoo huu, ambayo kila mgeni husomewa mlangoni, ni kwamba kazi iliyoandikwa kwa ajili ya Jabali ya Kwanza inafanyika ndani ya Jabali ya Tano bila kubadilishwa hata herufi. Mjukuu anafanya kila alichokifanya babu, ila kwa kasi zaidi.

Na programu ya mgawo iliandikwa enzi za babu. Maandishi yake ya asili, yale ambayo binadamu anaweza kuyasoma, yalipotea wakati wa kuhama ofisi. Kilichobaki ni kile ambacho mashine peke yake inakielewa. Hakuna aliye hai anayeweza kuifungua na kuirekebisha. Tunachoweza kugusa ni foleni tu, ile orodha ya wateja ambayo programu inaisoma kila saa kumi. Mteja mkubwa yuko mbele, mdogo yuko nyuma, na aliye mkiani anakatwa kwanza. Ndivyo walivyoona inafaa wale waliokuwa na viwanda vingi na mvua ya kutosha.

Mkiani kabisa ilikaa wodi ya watoto njiti ya kituo cha afya cha Lugonda.

Tumsifu, mdogo wake Eusebia, alijifungulia Lugonda mapacha kabla ya wakati wao. Mgawo ulipokata umeme, mashine za joto zilikaa kwa betri, na betri zilikuwa kuukuu. Manesi wakawafunga watoto vifuani mwa mama zao kama kangaruu, wakawafunika khanga na mablanketi. Doto alishika joto. Kulwa hakushika. Eusebia alinisimulia haya wakati wa chai, jicho lake kavu, akikoroga kikombe kisicho na sukari. Niliogopa kumwangalia.

Sasa alitaka kuiambia Jabali kwamba Lugonda ni kiwanda cha chai, ili isogezwe mbele kwenye foleni.

"Lugonda haina hata mche mmoja wa chai," nilikuwa nimemwambia kwenye maikrofoni, kama kazi yangu inavyotaka. "Mtakausha nini huko, Mhehe? Mbwa mnaowala?"

Siku nyingine angenijibu kuhusu Wangoni na panya wao wa kula, tukacheka, agizo likapita. Siku ile alinijibu, "Nyamaza, Kanisius," na ule mstari mwekundu wa kupimia hasira kwenye kioo ukapanda hadi juu.

2

Nyuma ya Jumba kuna matundu makubwa yanayotoa hewa ya moto kutoka kwenye mashine. Makambako ni baridi, na akina mama wa mtaa wa nyuma wamejipatia mahali pa kuanikia mahindi yao pale, juu ya maturubai. Nasi wafanyakazi hunywa chai hapo. Nilimkuta Eusebia amesimama katikati ya mahindi ya watu, mikono mifukoni.

"Nimetulia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Twende ndani."

"Ngoja kwanza. Ukiitoa Lugonda mkiani, nani atakuwa mkia?"

"Sijui."

"Umeiuliza?"

"Sitaki kujua, mtani. Mkia ni mkia. Labda bucha. Labda kijumba cha mlinzi fulani."

Mimi nilikuwa nimeshauliza. Kuuliza si agizo, mtu yeyote anaruhusiwa. Niliuliza alipotoka nje, kwa sababu nilitaka kuwa na kitu cha kumtania, na jibu nikalipata. Nilisimama pale nikifikiria kulimeza. Angepitisha agizo lake, Doto angepata joto, nami ningebaki rafiki yake. Lakini mimi ni mtani wake. Rafiki anaweza kukuficha jambo. Mtani akikuficha, kiti chake hakina maana.

"Mhehe," nikasema, "babu zako walishindwa kutumaliza kwa mikuki. Wewe umepata akili mpya, unatumaliza kwa foleni."

Akageuka taratibu. "Unasema nini?"

"Anayefuata ni wodi ya wazazi ya Mkalanje. Wilaya ya Songea. Nilizaliwa pale, na binti wa kaka yangu amelazwa pale sasa hivi, anasubiri siku yake."

Upepo wa moto ulikuwa ukipeperusha makapi ya mahindi miguuni mwetu. Mama mmoja alikuja kugeuza turubai lake, akatusalimu, tukamwitikia wote wawili kwa adabu, akaenda zake.

"Ni kweli?" Eusebia akauliza.

"Kaiulize mwenyewe."

"Sasa unataka nifanye nini? Unaniambia nimwache Doto?"

"Sijakwambia hivyo. Nimekwambia jina la anayefuata."

"Kulwa tulimzika kwenye sanduku la sabuni." Sauti yake haikupanda, ndiyo ilinitisha zaidi. "Tumsifu hakuweza kunyanyuka kitandani. Nililibeba mimi. Lilikuwa jepesi, nikawa nasimama kila mara kuhakikisha yumo. Na leo saa kumi wanamzimia na Doto, kama jana, kama juzi. Ninaweza kuzuia kwa kusema uongo mmoja. Mmoja tu. Na wewe unaniletea Mkalanje."

"Nakuletea."

Nilitaka kumwomba msamaha na sikumwomba. Nilikuwa na uchungu naye, na nilikuwa na hofu na binti wa kaka yangu. Kama angeniambia pale pale kwamba mtoto wake ni wake na wangu ni wangu, nisingekuwa na jibu. Hakuniambia. Alitazama yale matundu kwa muda mrefu, joto lote lile linalotoka bure na kuishia kwenye mahindi.

"Jumba hili linakula umeme kiasi gani?" akauliza.

"Wewe ndiye mhandisi."

"Najua. Nimekuuliza ili nijisikie nikisema. Linakula kuliko mji mzima wa Songea." Akazitoa mikono mifukoni. "Twende tukaangalie kichwa cha foleni. Siku zote tunaangalia mkia."

3

Kichwani mwa foleni, mbele ya mabenki, mbele ya treni, mbele ya viwanda vyote, lilisimama jina moja: Jumba la Mitambo, Makambako.

Sijui kwa nini lilinishangaza. Waliounda mashine walikuwa wameiweka mahali ambapo kisu hakifiki, na hata mimi ningefanya hivyo. Jabali ikizimika, nani atagawa? Lakini Eusebia alivuta kiti, akaanza kunieleza kama vile ananihubiria mimi na yeye mwenyewe kwa pamoja.

Mashine zinazowaka kila siku ni tatu. Ya Tano inafanya kazi. Ya Nne inafanya kazi ileile kwa wakati uleule, hesabu kwa hesabu, kisha majibu yanalinganishwa. Yakitofautiana, kazi inarudiwa. Ya Tatu imekaa macho, haifanyi kitu, inasubiri mojawapo ianguke ichukue nafasi yake. Kwa mpangilio huo Jumba halijawahi kukosea hadharani tangu lijengwe.

"Jumba likiwa mkiani," akasema, "saa kumi ikifika Jabali itajikata yenyewe kwanza. Itaizima ya Tatu. Isipotosha, itaizima ya Nne. Itabaki ya Tano peke yake. Umeme utakaookolewa unazitosha Lugonda na Mkalanje na wote wanaokatwa baada yao, na chenji inabaki."

"Na ya Tano ikikosea, hakuna wa kuiambia."

"Hakuna."

"Na treni?"

Alikuwa ameshainua simu. Alimpigia mkuu wa stesheni, mzee mmoja mwenye kikohozi, akamuuliza kama bado wanazo bendera. Yule mzee akasema wanazo, zimeliwa na mende kidogo. Eusebia akamwambia kuanzia saa kumi kila treni iende mwendo wa mguu, kila makutano yawe na mtu mwenye bendera, asimwamini mtu yeyote anayemwambia njia ni nyeupe isipokuwa macho yake. Kisha akaipigia hospitali kubwa ya mkoa, akawaambia wachape dozi zote za jioni kwenye karatasi mapema na kila moja isomwe na watu wawili. Akawapigia watu wa maji. Kila mmoja alilalamika, na kila mmoja aliposikia sababu alikohoa, akasema sawa. Mabenki hakuwapigia.

"Hao watangoja," akasema. "Wana viti."

Nilimwona akinyooka mgongo pale. Muda mfupi kabla alikuwa mama mkubwa aliyefiwa, anayetaka kuiba. Saa ile alikuwa na mpango, na nilijua hakuna mtu wa kumtoa kwenye mpango huo. Nilifurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba kazi iliyobaki ni yangu.

4

Mkurugenzi wetu, Mzee Nestory Luvanda, alikuwa Njombe mkutanoni, anarudi jioni. Eusebia alikuwa na mamlaka ya kupanga foleni bila yeye, mradi Jabali ikubali. Na Jabali ilikuwa imembakizia jaribio moja. Likikataliwa la tatu, kiti kinafungwa hadi kesho yake.

Kuna jambo moja ambalo watu wa nje hawalijui. Jabali inampima mtani pia. Utani wa kubembeleza haiukubali. Nikimwambia mtu mwenye msiba kwamba viatu vyake vichafu, inasema, "Mtani, hujatania," na hilo nalo linahesabiwa ni jaribio. Ilinibidi nimguse panapouma, na mahali hapo sote wawili tulipajua.

Kwetu na kwao, mtu mzima akifa, mtani ndiye mwenye msiba. Anafika analia kilio cha uongo, anaigiza mwendo wa marehemu, anajilaza mbele ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Waliokauka machozi wanacheka, na wakicheka wanalia vizuri. Lakini kichanga hafanyiwi hivyo. Kichanga anazikwa na akina mama, kimyakimya, bila watani, kama vile alipita tu. Kwa hiyo Kulwa alizikwa bila mtu wa kumtania, na mimi nilikuwa kazini siku hiyo, nikila karanga.

Eusebia aliweka mdomo karibu na maikrofoni.

"Natoa agizo la kupanga foleni ya mgawo," akasema. "Kichwa kinakwenda mkiani. Mkia mpya ni Jumba la Mitambo, Makambako."

"Nimesikia," ikasema Jabali. "Mtani, anza."

Nikasogeza kiti changu.

"Nimesikia kuna Mhehe alifika duniani juzi," nikasema. "Jina lake Kulwa. Mtu mzima na akili zake. Kaingia, kaangalia kulia, giza. Kaangalia kushoto, giza. Akawaambia, jamani, mama mkubwa wangu si ndiye mwenye umeme huko Makambako? Wakamwambia ndiye. Akasema, basi kama huyu ndiye ndugu yangu, naondoka. Akageuza njia. Hata uji hakuonja."

Mstari mwekundu ulipanda. Eusebia alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza. Sikuweza kuacha katikati, nisingekuwa nimefanya chochote isipokuwa kumjeruhi.

"Mhehe gani mvivu hivyo? Kashindwa kusubiri umeme urudi? Na nyie mkamtia kwenye sanduku la sabuni, mkamzika upesiupesi, hamkutuita. Mnafikiri sijui kwa nini? Mlikuwa mnatukwepa watani. Mngetuita ningelala mbele ya lile shimo, asingepita mtu, ningepiga mayowe mpaka Iringa nzima ije ione anazikwa nani. Mmeninyima msiba wangu, Mhehe. Nimekuja kudai kuku wangu."

Nililia nikisema hayo. Sijui kama sheria inaruhusu mtani alie. Jabali haikunikataza.

Eusebia alifumba macho. Mstari ulikuwa karibu kabisa na pale unapokatalia, ukicheza, na nilikuwa naomba chini kwa chini kwa lugha zote ninazozijua. Kisha bega lake likatikisika. Nilidhani ni kilio, na kilikuwa kilio, ila ndani yake kulikuwa na kicheko, kile cha msibani kinachotoka mahali ambapo mtu hakujua kama bado pana kitu. Alicheka na machozi yakamwagika juu ya vifungo vya meza, akayafuta kwa kiganja.

"Hakuwa mvivu, Mngoni," akasema, polepole, kila neno mahali pake. "Alipigana na baridi saa nyingi, peke yake, na hakuwa na hata shati. Babu yako wewe, na ngao yake na mkuki wake, angekimbia mapema sana. Kuku wako utapewa. Ulitakiwa uje ukalale pale mbele ya shimo, nilikutafuta kwa macho." Akavuta pumzi. "Na mkia wa foleni ni Jumba la Mitambo, Makambako. Nimetaja mara mbili."

Mstari ulishuka.

"Agizo limepokelewa," ikasema Jabali.

Saa kumi ilipofika, viwanda viliwasha makaushio yao, nasi tukasimama dirishani kuangalia chini ukumbini. Jabali ya Tatu ilizima taa zake safu kwa safu. Baada ya muda mfupi ya Nne ikafuata. Feni zake zilizunguka kwa uvivu, zikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilisikia mtu akikohoa upande wa pili wa Jumba.

5

Mzee Luvanda aliingia akiwa bado na koti la safari. Ni Mbena, mtu mpole, mwenye miwani, anayekumbuka majina ya watoto wa kila mfyagiaji. Simu zilikuwa zinalia kwenye kila meza. Alisikiliza maelezo ya Eusebia akiwa amesimama, bila kumkatiza.

"Umefanya hivi kwa ajili ya mtoto wa mdogo wako," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Nilianza hivyo."

"Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningechanganyikiwa. Lakini mama, ya Tano iko peke yake. Ikikosea hesabu moja ya dawa, ikamwambia nesi kumi badala ya moja, huyo naye ni mtoto wa mtu. Huyo hutamjua jina, na ni wewe uliyemweka hapo. Umelifikiria?"

"Nimelifikiria. Nimewaambia kila dozi isomwe na watu wawili."

"Watu huchoka."

"Wanachoka," Eusebia akakubali. "Na mimi bado naogopa, Mzee. Sijasema siogopi."

Mzee alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alivua koti, akaliweka vizuri kwenye egemeo, akakaa kwenye kiti cha maagizo. Kisha akanitazama, kwa sababu Wabena nao ni watani wetu.

"Haya, Mngoni. Fanya kazi yako."

Niliifanya. Nilimtania kipara chake, nikamtania mkewe aliyemzidi urefu, nikamwambia kwamba Wabena walijificha mapangoni babu zangu walipopita na kwamba yeye amepata pango jipya lenye kiyoyozi. Alitabasamu. Akanijibu kwamba aliye pangoni angalau hanyeshewi. Mstari mwekundu haukunyanyuka hata kidogo. Nilijitahidi kwa moyo wangu wote na yule mzee alikaa mtulivu kama gunia la viazi.

"Mtani ametania," ikasema Jabali. "Mkurugenzi ametulia. Agizo?"

"Rudisha foleni kama ilivyokuwa."

"Foleni ya zamani imefutwa na hii mpya. Naweza kulitoa Jumba mkiani. Foleni iliyopangwa kwa sauti haifuati tena ukubwa, na haikubali kukosa mkia. Taja mkia mpya kwa sauti."

Mzee Luvanda alisubiri, kama mtu anayedhani kuna maneno zaidi yanakuja. Yalikuja majina tu, kwenye kioo, kuanzia wadogo kwenda juu. Kituo cha afya Lugonda, wodi ya watoto njiti. Mkalanje, wodi ya wazazi. Kisha shule ya bweni ya watoto wasioona. Kisha kisima cha umeme cha kijiji ambacho sikukijua.

"Weka yule yule wa mwanzo," akasema.

"Sina wa mwanzo. Taja kwa sauti."

Wale waliopanga foleni ile mara ya kwanza walikuwa makaburini. Tangu siku hiyo kila mgawo uliendeshwa na programu isiyosomeka, na hapa Jumbani hakuna aliyewahi kufungua mdomo akasema, fulani akatwe. Tulikuwa tunasema tu kwamba kuna mgawo, kama watu wanavyosema kuna baridi.

"Kanisius, nisomee hilo la juu," akaniambia. "Miwani yangu ina ukungu."

"Mtani haruhusiwi kutaja, Mzee."

Akamgeukia Eusebia. Eusebia alikuwa dirishani na simu sikioni, anaongea na Tumsifu. Aliiweka kwenye spika, akaishika hewani kati yetu. Tulisikia sauti za manesi, mlango ukifungwa, mtu akiuliza beseni liko wapi.

"Tumsifu," Eusebia akasema, "mgawo umeanza. Taa zinawaka?"

"Zinawaka, dada. Tulishamtoa Doto tayari kumfunga kifuani, tumemrudisha. Watoto wote wanne wako ndani ya mashine zao, hakuna aliyetolewa." Akauliza, "Kwani kumetokea nini huko kwenu?"

Mzee Luvanda alivua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya tai yake, akaivaa, akasogea karibu na maikrofoni. Niliona mdomo wake ukifunguka. Nafsi yangu yote ilikuwa kwenye jina moja lile la Mkalanje, nikimwombea asiliseme, nikiona aibu kwamba nimejali hilo zaidi ya mengine. Simu ya mezani iliendelea kulia. Mtu alisema mlangoni kwamba treni ya Mbeya imesimama Ilembula na abiria wameshuka, wanataka kujua mwenye kosa ni nani.

"Taja mkia," ikarudia Jabali.

Alikaa hivyo mpaka kioo kikapunguza mwanga wake chenyewe. Kisha akaizima maikrofoni kwa kidole kimoja, Jumba likiwa bado mkiani, akanyanyuka, akachukua koti lake.

"Nipeni hiyo simu ya stesheni," akasema. "Nitawaambia mimi mwenyewe kwamba treni itachelewa."